Tope la mto: kihisi au chupa?

Bonde la mto linapoanza kuleta tope, wanaopanga upimaji hugawanyika. Wapo wanaotaka vihisi vifungwe mtoni na kutuma takwimu kila dakika 15. Wengine wanataka fedha hizo ziwafikie wakazi, wachote sampuli na kupima uangavu wa maji kwa mrija wenye alama nyeusi na nyeupe kwenye kitako.

Watetezi wa vihisi wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya mashapo ya mwaka hupita katika siku chache za mvua kubwa. Anayechota maji mara moja kwa mwezi huukuta mto umetulia, na ripoti yake huusifu. Tena tope halifuati kina cha maji moja kwa moja: mto unapojaa huzoa udongo uliolegea, na mara nyingi unapopungua hadi kina kilekile maji huwa yameshaanza kutakata. Kwa hiyo hata sampuli moja ya mafuriko haitoshi.

Tatizo ni kwamba kihisi husoma mwanga unaotawanywa na chembe, na mfinyanzi laini huutawanya kuliko mchanga wa uzito uleule. NTU 200 (NTU ni kizio cha kupimia ukungu wa maji) katika mito miwili zinaweza kuwa na uzito wa udongo tofauti kabisa. Bila maji yaliyochujwa maabara, mashapo yakakaushwa na kupimwa kwa mizani, namba hizo ni mapambo. Mchanga unaoburuzwa chini ya mto haumo hata kwenye hesabu. Na lenzi ikiota mwani (nao huota upesi kuliko bajeti ya matengenezo inavyodhani), maji safi yatasomeka machafu.

Wakazi nao hawawezi kuchota katikati ya mafuriko, wala wasithubutu. Wanachoweza ni kupita kwenye vijito vyote mvua ikikatika na kuonyesha kipi kinaleta tope. Hilo ni muhimu, maana lawama huwaangukia wakulima haraka mno. Seziamu-137, elementi yenye mionzi iliyosambazwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia, hasa miaka ya 1950 na 1960, imeng'ang'ania udongo wa juu. Mashapo yenye kiasi kidogo sana cha seziamu hiyo huashiria makorongo na kingo zinazomomonyoka, na hapo matuta ya shambani hayatasaidia sana.

Mimi ningeanza na wakazi, kisha nifunge kihisi kimoja chini ya kijito kilichoshukiwa, fedha za maabara zikiwa zimetengwa kabla ya kukinunua.