Mtaa Hatari ni Upi? Muulize Anayepanda Mlima Usiku

Ile orodha ya mitaa salama na mitaa hatari imeshanifikia kwa njia nyingi mno kiasi kwamba siwezi tena kujifanya sijaiona. Imeigawa Mwanza katika safu mbili, moja ya kijani na nyingine nyekundu. Safu ya kijani ina Capri Point, Isamilo, Bwiru na Kiseke. Ile nyekundu imetupiwa Mabatini, Igogo, Mbugani na Kirumba nzima, bila kubagua Kirumba ya uwanja wa mpira na Kirumba ya Kabuhoro, kule mlimani. Hakuna aliyeweka jina lake chini ya kazi hiyo wala aliyeeleza alihesabu nini, lakini madalali wameipokea kwa mikono miwili. Mpwa wangu, ambaye amepata kazi katika duka la jumla mjini na anatafuta chumba cha kupanga, aliambiwa na dalali mmoja kwamba kwa mshahara wake anaweza kupata chumba Mabatini, "ila huko, mdogo wangu, jiandae kupigwa roba," na kwamba akijikamua kidogo atapelekwa Kiseke, "ambako watu wanalala mlango wazi." Kulala mlango wazi Kiseke! Ningelipa nauli yangu mwenyewe kwenda kumtazama dalali huyo akilala mlango wazi Kiseke, televisheni yake ikiwa sebuleni. Na kwa kuwa ada ya dalali ni kodi ya mwezi mmoja, sioni ajabu kwamba usalama wake huongezeka kadiri kodi inavyopanda.

Sitasema kwamba vibaka wa Mabatini ni hadithi ya kutungwa. Wapo, na mtu anayepita kando ya Mto Mirongo usiku wa manane akiwa na simu mkononi anawafanyia wepesi. Nakiri pia kwamba mwanamke akishuka kwenye gari saa nne usiku Isamilo, ana nafasi kubwa zaidi ya kufika ndani na mkoba wake kuliko akishuka saa hiyo hiyo Igogo. Hilo nimelisema na silirudishi. Ninachokikataa ni kuligeuza kuwa tabia ya watu wa mtaa fulani, kana kwamba uhalifu unaota Igogo kama magugu maji yanavyoota ziwani.

Tuanze na jambo ambalo kila mkazi wa jiji hili analiona akiinua macho: Isamilo ni mlima. Capri Point ni mawe matupu yaliyoingia ziwani. Hospitali ya Bugando imekaa juu ya kilima ambacho ukikipanda kwa miguu unafika ukihema. Mabatini nako ni mlima, Igogo ni mlima, Kabuhoro ni mlima. Mawe ni yale yale. Tofauti ni kwamba kule Isamilo na Bugando barabara ya gari inapanda mpaka getini na taa zinaisindikiza, ilhali kule Igogo na Mabatini barabara inaishia chini, bodaboda anakwambia "mwisho wangu hapa," na kuanzia hapo mtu anapanda ngazi za mawe na vichochoro vya upana wa mabega mawili, akimulika kwa simu ambayo ndiyo hiyo hiyo kibaka anayoitaka. Wizi wa usiku katika mitaa hii, ukiwauliza wanaoishi huko, hautokei mlangoni wala barabarani. Unatokea katikati, kwenye kile kipande cha giza kilicho kati ya pale bodaboda anapoishia na mlango wa mpangaji. Kwa hiyo anayeishi Mabatini ya chini, hatua chache kutoka Barabara ya Nyerere ambako daladala hazikatiki mpaka usiku, na anayeishi Mabatini ya juu, wanahesabiwa mtaa mmoja kwenye orodha, wakati maisha yao ya saa nne usiku hayafanani hata kidogo.

Nina jamaa ninayemfahamu kwa miaka mingi ambaye ni mlinzi wa usiku katika nyumba moja Capri Point. Anaishi Mabatini ya juu kabisa, karibu na pale mawe makubwa yanapobebana. Saa kumi na moja jioni anafunga mlango wake wa mbao wenye kitasa kimoja, anawaacha mke na watoto ndani, anateremka kwenda kulinda ukuta wenye nyaya za umeme, mbwa wawili, taa zisizozimwa na geti la chuma. Nilipomuuliza haoni kichekesho katika jambo hilo, alinijibu bila kucheka: "Kaka, kule nalinda mimi. Huku kwangu analinda Mungu." Hesabu basi walinzi wote wa Capri Point, Isamilo na Bwiru, kisha uliza wanalala wapi mchana. Ile safu ya kijani inakodi usalama wake kutoka safu nyekundu kila jioni, halafu inaiandika nyekundu kwamba ni ya wahuni.

Na kwa nini watu walipanda huko juu? Mji huu ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1892, reli kutoka Tabora ikaufikia mwaka 1928, na tangu hapo pamba, bandari, viwanda vya samaki na biashara vimekuwa vikiwaita watu kwa kasi ambayo upimaji wa viwanja haukuwahi kuikaribia. Sensa ya 2022 ilikuta watu wapatao milioni 1.1 katika wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, zikijumlishwa. Anayebeba mizigo bandarini au kuuza vitumbua sokoni hawezi kuishi Buhongwa, pembezoni mwa jiji, na kulipa nauli mara mbili kwa siku. Anatafuta mahali ambapo anaweza kutembea kwa miguu mpaka kazini, na mahali hapo, kwa Mwanza, ni juu ya mawe. Alijenga pale palipobaki.

Ushahidi wa hoja yangu umelala hapa hapa jijini. Katika baadhi ya mitaa ya milimani zimejengwa barabara za mawe yaliyochongwa kwa mikono, mawe ya milima yetu wenyewe, na popote zilipofika utaona mambo yanavyobadilika: bodaboda anapanda, duka la mangi linafunguliwa ukingoni, mama wa chapati anaweka jiko lake, na kwa kuwa kuna wateja, taa inabaki inawaka mpaka saa nne au tano. Hakuna askari aliyeongezwa, wala vijana hawakuhamishwa. Kibaka ni mtu anayependa upweke, na upweke umeondolewa.

Naomba niseme habari ya taa moja ninayoijua vizuri. Iko kwenye kona ya njia ya kupandia, imefungwa na mwenye duka chini ya kipande cha bati ili mvua isiipige, na waya wake unaingia ndani kupitia tundu la dirisha. Akina mama wanaoteremka saa kumi na moja alfajiri kuwahi dagaa katika soko la Mwaloni, fedha zikiwa zimefungwa kibindoni chini ya kanga mbili, husubiriana chini ya taa hiyo mpaka wakamilike, ndipo wanaposhuka pamoja. LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, ni ya mwenye duka. Umeme ukikaribia kumwishia katikati ya mwezi, anazima taa ya njia kwanza ili friji la soda lisizime, na hakuna mwenye haki ya kumlaumu. Usalama wa kaya zaidi ya mia moja unategemea salio la mtu mmoja anayeuza sabuni na mafuta ya kupima. Mtunzi wa orodha angejisumbua kupanda mpaka pale, angekuwa na jambo la kuandika.

Wapo watakaoniambia kwamba takwimu za polisi zinawaunga mkono. Zinahesabu kilichoripotiwa, na kuripoti nako kuna bei. Aliyeibiwa begi ndani ya gari lenye bima Isamilo ataripoti bila kusita, kwa sababu bima haimlipi bila ripoti ya polisi. Aliyeporwa simu ya shilingi elfu themanini Igogo atajiuliza kama inafaa apoteze siku ya kibarua kwenda polisi kufungua RB, yaani kuandikisha tukio, kwa ajili ya simu ambayo haitaonekana, na mara nyingi anaamua kununua nyingine. Wengi wa watu wa mlimani wanaofika kituoni ni wale waliochomwa kisu, kwa sababu hospitalini huulizwa PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi. Matokeo yake ni kwamba mtaa wa matajiri unaripoti hata kioo cha pembeni cha gari, na mtaa wa maskini unaripoti damu. Hapo hatujataja kwamba eneo la Soko Kuu na Makoroboi lingeongoza kwa wizi wa mifukoni katika hesabu yoyote ile, na karibu wote wanaoibiwa huko wanalala kwingine.

Turudi Kiseke, ambako watu wanalala mlango wazi. Wenye nyumba katika viunga vipya, kuanzia Kiseke hadi Buswelu na Buhongwa, wanalijua jiwe linaloitwa fatuma. Ni jiwe kubwa linalobebwa na watu wawili au watatu, likarushwa kwenye mlango kwa pamoja, na mlango wa mninga uliougharimia mkopo unalala chini kwa pigo la pili. Mwanza, mahali ambapo mawe hayajawahi kuadimika, fatuma haihitaji hata kusafirishwa. Nyumba ziko mbalimbali, katikati kuna viwanja vyenye majani na misingi iliyotelekezwa, kila mtu amejifungia ndani ya ukuta wake, na mke wa jirani anajulikana kwa rangi ya gari lake tu. Ukipiga kelele kule, inakufa kwenye ukuta. Ukipiga kelele Mabatini saa nane usiku, milango kumi inafunguka na mtu wa kwanza anatoka na panga kabla hajafunga mkanda. Hilo nalo lina ubaya wake mkubwa, kwa sababu wananchi wenye hasira hawana mahakama, na wamewahi kumuua asiyehusika. Lakini msituambie kwamba ukuta mrefu ndio usalama.

Kwa wanaoamini kwamba cheo na anwani vinazuia risasi, wakumbuke usiku wa kuamkia Oktoba 13, 2012, ambapo Kamanda wa Polisi wa Mkoa wa Mwanza mwenyewe, Liberatus Barlow, alipigwa risasi na kuuawa Kitangiri.

Orodha pia haikugusa ziwa, ambako wavuvi wanaporwa injini na nyavu usiku na kuachwa wakielea, wala haikugusa vipigo vinavyotokea ndani ya kuta za kijani na kuishia kufichwa kwa miwani ya jua.

Kuhusu ulinzi wa wananchi, sisi watu wa kanda hii hatuhitaji kufundishwa. Sungusungu walianza kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wezi wa mifugo walipokuwa wamewachosha watu na vyombo vya dola vikiwa mbali, na mwaka 1989 sheria ya mgambo ikarekebishwa kuwatambua. Leo tuna ulinzi shirikishi, ambao kwetu unamaanisha mchango wa kila mwezi kwa kila kaya, kitabu cha risiti na vijana wanne wenye filimbi. Siwabezi vijana hao. Wanakesha kwenye baridi ya ziwa kwa posho isiyotosha viatu. Lakini wanazunguka mahali penye mwanga, kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, na kile kichochoro cha katikati wanakikwepa kwa sababu nao wana mama zao.

Katika mkutano wa mtaa wetu uliopita nilisimama nikapendekeza kwamba sehemu ndogo ya mchango wa ulinzi iende kulipia umeme wa taa tatu kwenye njia ya kupandia, kuanzia ile ya mwenye duka. Watu walipiga makofi. Mwenyekiti alinishukuru kwa mchango mzuri, akasema wazo ni zuri sana, ila hakuna kifungu. Kifungu cha fulana za walinzi kipo, tumeziona. Kifungu cha chai ya wageni kutoka wilayani kipo, tumeinywa. Mkutano ujao nitauliza tena, na safari hii nimewaomba akina mama wa dagaa waje wakae safu ya mbele, maana nimegundua kwamba mwenyekiti ananijibu mimi haraka sana kuliko anavyowajibu wao.