Bastola ya Kubeba Kila Siku: Udogo Usiwe Sifa ya Kwanza

Kwa wafanyabiashara wa hapa Tabora, mtu akishapata kibali cha kumiliki bastola swali lake la kwanza huwa lilelile: ipi ni ndogo kuliko zote, ili isionekane chini ya shati? Swali hilo lina mantiki, kwa kuwa silaha inayoonekana huwatia watu hofu na humwonyesha mwizi mahali pa kuanzia. Hata hivyo naamini kwa dhati kwamba ni swali linalopaswa kuja la tatu au la nne. Kwanza mnunuzi ajiulize kama ataweza kuishika bastola hiyo barabara, kuifyatua bila kumkosa anayemlenga na kumpata asiyehusika, na kuibeba mchana kutwa ikiwa imetulia mahali pake. Bastola ndogo kupita kiasi hushindwa majaribio yote matatu, na wauzaji wengi hawamwambii mteja hivyo.

Nianze na sheria, maana ndiyo inayopanga mengine yote. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991, haimpi leseni mtu aliye chini ya umri wa miaka 25, na inamtaka mwombaji athibitishe kwamba anajua kutumia silaha anayoiomba. Maombi hupitia kwa viongozi wa mtaa au kijiji wanaomfahamu mwombaji, hupanda kwenye ngazi za usalama na polisi, na katika kila ngazi ataulizwa sababu. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake kwa mujibu wa sheria, lakini hakuna ibara inayompa mtu haki ya kuwa na bunduki. Leseni ni dhamana, na huweza kuondolewa. Wenye silaha wanakumbuka uhakiki wa mwaka 2016, ambapo kila mmiliki alitakiwa kuipeleka silaha yake polisi pamoja na nyaraka zake. Kwa hiyo bastola utakayoichagua uichague ukijua kwamba siku yoyote utaulizwa iko wapi, risasi zake ni ngapi na ulizitumiaje.

Mkoa wetu haukuanza kuijua silaha jana. Magobore yamekuwa mikononi mwa wawindaji wa Unyamwezi kwa vizazi, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wasukuma na Wanyamwezi waliunda Sungusungu, wakakabiliana na wezi wa mifugo na majambazi kwa mishale na filimbi za kuitana. Waliosafiri kwenda Kasulu na Kibondo enzi zile mabasi yakisindikizwa na askari wenye bunduki hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu hutamani kuwa na chochote kiunoni. Msimu wa tumbaku unapoanza kulipa kule Urambo na Kaliua, wanunuzi wa mazao, wenye maghala na mawakala wa fedha hushika pesa nyingi kuliko kawaida, na habari za pesa husafiri haraka. Pamoja na hayo yote, ninamshauri kila anayeniuliza apunguze kwanza fedha anazobeba: malipo ya simu na ya benki yamekwisha kufanya kazi kubwa kuliko itakayofanywa na bastola yoyote. Anayebaki na sababu ya kweli baada ya hapo ndiye ninayezungumza naye katika makala haya.

Sasa tuje kwenye udogo. Risasi ya milimita 9 ambayo Georg Luger aliibuni mwanzoni mwa karne ya 20 ni ileile, iwe imewekwa kwenye bastola kubwa au ndogo. Kichwa chake huwa na uzito wa gramu 8 hivi, na hutoka mtutuni kwa kasi inayokaribia mita 350 kwa sekunde. Nguvu inayosukuma kichwa hicho mbele ndiyo inayorudi kwenye kiganja chako, na kadiri bastola inavyokuwa nyepesi ndivyo teke lake linavyokuwa kali. Bastola ya Kiaustria Glock 19, iliyotoka mwaka 1988, ina uzito wa takriban gramu 600 bila magazini (kasha la risasi linaloingia kwenye mpini), mtutu wa milimita 102 na nafasi ya risasi 15. Ndugu yake mdogo, Glock 43 ya mwaka 2015, haifiki gramu 500, mtutu wake ni wa milimita 86 na magazini yake hubeba risasi 6. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, ila mkononi ni kubwa: mpini mfupi humwacha mtu mwenye kiganja cha kawaida na kidole kimoja kinachoning'inia hewani, mdomo wa bastola huruka juu kila inapolia, na risasi ya pili hukawia kwa sababu mshikaji analazimika kuanza upya kuishika.

Kuna wanaodhani kwamba wakichagua risasi dhaifu zaidi watakuwa wameepuka tatizo hilo. Walther PPK, bastola ya Kijerumani ya mwaka 1931 ambayo watu wengi huijua kwa umbo lake zuri, hupigwa kwa risasi fupi za milimita 9 au za milimita 7.65. Lakini slaidi yake, yaani sehemu ya juu ya chuma inayorudi nyuma kila inapolia, haifungwi na mtutu wakati wa kufyatua, huzuiwa tu na uzito wake na springi ngumu, kwa hiyo teke lake huja kwa ghafla, na kukikoki chombo hicho, yaani kuvuta slaidi ili risasi iingie mtutuni, kunataka vidole vyenye nguvu. Rivolva fupi kama Smith & Wesson Model 36 ya mwaka 1950 ina sifa moja ninayoiheshimu sana, nayo ni urahisi wa kuielewa: hakuna slaidi ya kuvuta, na ukifungua silinda unaziona risasi zake zote 5 au matundu matupu. Ubaya wake ni kwamba alama za kulengea ziko karibukaribu mno na kifyatulio chake ni kizito, hivyo anayeiweza vyema ni mtu aliyefanya mazoezi mengi, wala si mgeni wa silaha kama inavyosemwa mara nyingi.

Katika za miaka ya karibuni, SIG P365 iliyotoka mwaka 2018 ilibadili hesabu kwa kuingiza risasi 10 kwenye umbo la nusu kilo hivi, na kwa mtu mwenye mkono mdogo naiona kuwa chaguo la maana. Mwenye mkono wa kawaida, hasa aliyezoea kuvaa shati la kuchomoa, ningemwelekeza kwenye ukubwa wa Glock 19 bila kusita. Achukue hiyo au ya kampuni nyingine inayolingana nayo, mradi tu awe na uhakika kwamba duka lililo halali linapata risasi zake na vipuri vyake mwaka mzima. Hili la risasi halizungumzwi vya kutosha. Maduka ya silaha ni machache na yako mbali na wengi wetu, na bastola ya aina adimu itakufanya ubane risasi hadi uache kufanya mazoezi kabisa.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kifyatulio. Bastola nyingi za kisasa hazina kitufe cha usalama cha kubonyeza kwa kidole gumba. Glock ina usalama wa aina tatu ndani yake, lakini wote huachia kifyatulio kinapovutwa, na kuvuta huko kunahitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Bastola haijui kama kilichokivuta ni kidole chako, upindo wa shati lililoingia ndani ya mkoba wa kiunoni wa kuibebea wakati wa kuirudisha, kamba ya suruali ya michezo, au kidole cha mtoto. Ndiyo maana mkoba wa bastola ni sehemu ya uchaguzi wenyewe, na bei yake ijumlishwe kwenye bei ya silaha tangu mwanzo. Uwe umefinyangwa kwa umbo la bastola hiyohiyo, kwa plastiki ngumu au ngozi nene isiyojikunja, na ufunike kifyatulio chote. Mikoba ya kitambaa laini inayouzwa kwa kisingizio kwamba inatosha kila bastola sitaki hata kuiona kiunoni mwa mtu ninayempenda.

Kuhusu chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa tayari kufyatuliwa, najua wakufunzi wengi wa Marekani husisitiza kwamba risasi iwe imeingia tayari, na wana hoja zao kuhusu muda. Kwa mwananchi wa hapa, anayepanda bodaboda, anayesukumana na watu stendi na ambaye hapati uwanja wa shabaha mara kwa mara, msimamo wangu ni kwamba abebe chemba ikiwa tupu na ajifunze kukoki haraka na kwa usahihi. Muda unaopotea ni mdogo, na unanunua usalama wa familia yake na wa abiria aliyekaa nyuma yake.

Kubeba kwenyewe kuna mambo ambayo maelezo ya viwandani hayawezi kuyasema. Mwezi wa Oktoba, kabla mvua hazijaanza, joto la Tabora halimruhusu mtu kuvaa koti, na shati jepesi jeupe likilowa jasho huchora kila kilicho chini yake. Mtu huinama kufungua kufuli la chini la mlango wa duka, na nyuma ya shati hupanda; hapo ndipo mpini huchungulia, na wanaousubiri huuona. Ukikaa nyuma ya bodaboda, bastola iliyovaliwa mgongoni husukumwa juu kidogo kidogo kwa kila tuta, na ukishuka unaanza kujipapasa mbele za watu, jambo linalotangaza kila kitu. Kwa baiskeli, ambayo ni chombo cha wengi mjini hapa, bastola ya mbele ya tumbo huchoma paja kila unapokanyaga pedali. Mwislamu anayeswali jamaa atarukuu na kusujudu huku safu ya nyuma ikimtazama kiunoni, na mimi naona ni heri aifungie kwenye sanduku nyumbani kabla ya kwenda msikitini kuliko kuingia nayo katika nyumba ya ibada. Kwa mwili wa wastani, nafasi inayofaa ni pembeni, nyuma kidogo ya nyonga ya mkono unaotumia, ndani ya suruali, kwa mkanda mgumu usiolegea. Mkanda laini hufanya bastola nyepesi icheze kuliko nzito iliyofungwa vizuri, na hapo ndipo hoja ya wepesi hupoteza nguvu yake yote.

Wanawake wafanyabiashara hunikumbusha, na wana haki, kwamba ushauri wote wa mikanda umeandikwa kwa ajili ya wanaume. Dera halina mkanda, na kanga inafungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa siku. Wengi wao huishia kuweka bastola kwenye pochi, ingawa pochi ndiyo kitu cha kwanza kuporwa, na ndiyo inayowekwa juu ya meza ambapo mtoto hutafuta pipi. Kwao naona mshipi mpana wa tumboni, uliotengenezwa ukiwa na mfuko mgumu wa bastola na kuvaliwa chini ya nguo, ni bora mara nyingi zaidi, na ndiyo sababu bastola bapa kama P365 au Glock 43 huwafaa licha ya niliyoyasema juu ya teke lake. Watakachohitaji kuongeza ni mazoezi.

Jasho lina chumvi, na chumvi hula chuma. Kwa wenzetu wa Kigoma na Ujiji, wanaoishi na unyevu wa ziwa, kutu huonekana haraka kwenye silaha za zamani zenye rangi ya bluu nyeusi. Kwetu Tabora adui mkubwa ni vumbi la kiangazi, ambalo hugandamana na mafuta yakizidi. Kitambaa kikavu kila jioni na mafuta kidogo sana kwenye reli za slaidi vinatosha, mradi magazini itolewe kwanza na chemba iangaliwe kwa macho na kwa kidole.

Dukani omba ushike bastola tupu, iliyokwisha kuhakikiwa mbele yako. Angalia kama ncha ya kidole chako cha shahada inafika kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mpini kiganjani, na kama unaweza kuvuta slaidi mara kadhaa mfululizo ukiwa na mikono yenye jasho. Muulize muuzaji utaifanyia mazoezi wapi na kwa utaratibu gani, kwa kuwa risasi isiyolengwa vizuri haikomei kwa mwizi: nyumba zetu zimesongamana, na mlango wa bati au ukuta wa tope haukupi hakika ya kuizuia isimfikie aliyelala upande wa pili. Mahakama nayo itapima kama nguvu uliyotumia ililingana na hatari iliyokukabili, na mwizi anayekimbia na simu yako amekwisha kukupa mgongo.

Katika bajeti yako tenga fedha za sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye ukuta au sakafu ya zege, lenye ufunguo usiotundikwa msumarini. Risasi ziwe na mahali pake pengine. Mke au mume ajue sanduku liko wapi, na ajue pia kwamba mwenye leseni akifariki warithi hawairithi leseni pamoja na shamba na nyumba, bali wanatakiwa kutoa taarifa polisi na kuikabidhi silaha hadi taratibu zikamilike. Asiyeweza kununua sanduku hilo kwa sasa asubiri msimu ujao kununua bastola.