Simbu wa tano? Hapana, bwana!

Mwandishi, umepanga wanamichezo watano bora wa Tanzania, wanne wote wa soka, halafu Alphonce Simbu ukamtupa mkiani! Huku Mwanga, Kigoma, tumekataa. Mtu kakimbia kilomita 42 na ushei kule Tokyo, Septemba 2025, kaingia uwanjani yuko nyuma ya Mjerumani Amanal Petros, akamkamata pale pale kwenye utepe. Wote wakaandikiwa 2:09:48, ikabidi itazamwe picha, Simbu kashinda kwa sekunde 0.03. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye riadha ya dunia hiyo! Kwa sekunde 0.03 refa wetu wa ndondo hata filimbi hajaigusa.

Mbwana Samatta, mshambuliaji uliyempa namba moja, simgusi, kile kichwa chake kwa Liverpool pale Anfield 2019 akiwa na Genk nakiheshimu. Ila namba moja? Aa wapi.

Ila na sisi mashabiki tuna vituko. Simbu kashinda usiku wa manane kwa saa zetu, asubuhi video inazunguka kwenye simu, natoka nje nashangilia, mama muuza dagaa ananiuliza, "Kwani Yanga wamecheza?" Na kwenye kibanda umiza, vile vibanda vya kulipia kutazama mpira, ukiomba wakuwekee marathoni utaambiwa ukapimwe malaria. Lakini Julai 2021, fainali ya Simba na Yanga ilipoletwa hapa kwetu, Uwanja wa Lake Tanganyika, mji mzima ulihamia uwanjani. Lile bao la Taddeo Lwanga wa Simba, kuna Wanayanga hapa Ujiji ukilitaja hawakupunguzii bei ya mawese mpaka leo.