Adolf: jina moja, hukumu mbili

Nchini Ujerumani hakuna sheria inayomkataza mzazi kumwita mwanawe Adolf. Ofisi ya usajili inaweza kukataa jina ambalo litamdhuru mtoto, na anayetaka kumwita mwanawe Hitler atarudishwa nyumbani, lakini Adolf peke yake halikupigwa marufuku. Hata hivyo tangu 1945, utawala wa Wanazi wa Adolf Hitler ulipoanguka, wazazi wamelikimbia, kila familia kwa uamuzi wake, na Adolf utakayemkuta huko leo kwa kawaida ni mzee wa makamo ya babu. Huku kwetu mambo ni tofauti. Mwaka 2022 Profesa Adolf Mkenda, mbunge wa Rombo, aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu wa Tanzania, na jina lake la kwanza halikuzua mjadala wowote. Je, Wajerumani wamelionea jina, au sisi ndio tumekosa kuona walichokiona wao?

Jina lenyewe ni kongwe kuliko dola ya Ujerumani. Limeungwa kwa maneno mawili ya Kijerumani cha kale, adal, yaani uungwana wa ukoo, na wolf, yaani mbwa mwitu, kwa desturi ya watu wa Ulaya ya kaskazini ya kuunga maneno ya heshima na ya vita wanapowapa watoto majina. Waingereza wa kale walikuwa nalo kwa umbo la Æthelwulf, jina la mfalme wa Wessex aliyefariki mwaka 858, baba yake Alfred. Mwaka 1292 Adolf wa Nassau alichaguliwa kuwa mfalme wa Wajerumani. Miaka sita baadaye wakuu waliomchagua wakamvua ufalme, na akauawa vitani Göllheim. Lakini aliyelikuza jina kuliko wote hakuwa Mjerumani. Ni Gustav II Adolf wa Sweden, aliyeingia katika Vita vya Miaka Thelathini upande wa Waprotestanti na kufia Lützen mwezi Novemba 1632. Kwa karne tatu Walutheri waliwaita watoto wao Gustav Adolf kama kiapo cha imani, na mwaka 1832 wakaanzisha kwa jina lake chama cha kuwasaidia Waprotestanti wachache waliotawanyika katika nchi za Wakatoliki.

Wakatoliki nao walikuwa na Adolf wao. Adolph Kolping, aliyezaliwa mwaka 1813, alikuwa fundi viatu kabla ya kuwa padri, akaijua taabu ya vijana mafundi waliotangatanga mjini hadi mjini wakitafuta kazi, na huko Köln akawaanzishia vyama vya kulala, kula na kujifunza pamoja. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenye heri mwaka 1991, wakati kila mtu alijua vizuri jina hilo linakumbusha nini. Vyama vya Kolping viko hadi Bukoba, Kenya na Uganda. Jambo hili husahaulika mno katika mjadala: lipo jina Adolf lililofika Afrika Mashariki kwa njia ya ubatizo na kalenda ya watakatifu, bila kupitia kwa Hitler hata kidogo.

Wanaosema jina liachwe wana hoja nzito, na si haki kuwadhihaki kuwa ni watu wa hofu. Jina halibebwi na mwenye nalo pekee. Linabebwa pia na masikio ya wanaolisikia. Mtu aliyepoteza wazazi wake Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, hana wajibu wa kukumbuka mfalme wa Sweden kila anapoitwa jirani yake. Zaidi ya hayo, baada ya 1933, Hitler aliposhika madaraka, baadhi ya wazazi waliwapa watoto jina hilo kwa makusudi, kama salamu kwa mtawala, na kwa hiyo aliyebaki nalo baada ya vita alishukiwa kuwa alilelewa katika nyumba ya wafuasi. Mzazi wa Kijerumani anayeliepuka leo hamhukumu Kolping. Anamwepushia mwanawe maelezo ya kutoa maisha yake yote.

Hata hivyo hoja hiyo ina tundu. Kama damu aliyomwaga mwenye jina ndiyo inayolichafua, kwa nini Heinrich la Himmler, Hermann la Göring na Joseph la Goebbels, wasaidizi wakuu wa Hitler, na Joseph hilohilo la Stalin, dikteta wa Urusi ya Kisovieti, hayakutupwa? Jibu langu ni kwamba majina hayo yalikuwa na watu wengi mno. Huwezi kulifuta Yosefu bila kugusa nusu ya Agano Jipya na theluthi ya kijiji. Adolf halikuwa na kinga ya namna hiyo, kwa hiyo lilipoangukiwa na mtu mmoja mkubwa wa uovu hakukuwa na umati wa kumfunika. Na hata hapo ni katika lugha fulani tu. Hispania ilipotoka katika udikteta wa Franco, aliyeiongoza serikali kuanzia 1976 hadi kwenye uchaguzi huru aliitwa Adolfo Suárez, na uwanja wa ndege wa Madrid unaitwa kwa jina lake. Adolfo Pérez Esquivel wa Argentina alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1980. Uswisi, nchi ambayo wengi wake huzungumza Kijerumani na inayopakana na Ujerumani, ilimpa urais Adolf Ogi, aliyezaliwa mwaka 1942, mara mbili. Ndani ya Ujerumani yenyewe, mwalimu Adolf Reichwein alinyongwa mwezi Oktoba 1944 kwa kuupinga utawala wa Hitler. Anayedai kuwa jina ni la wauaji hana budi kueleza mtu huyu awekwe wapi.

Kwetu kuna mfano unaouma zaidi. Gavana wa Kijerumani aliyetawala hapa kuanzia 1901 hadi 1906, ambaye majeshi yake yalichoma mashamba na maghala ya chakula wakati wa vita vya Maji Maji, aliitwa Gustav Adolf von Götzen. Makadirio ya waliokufa, wengi kwa njaa, huanzia 75,000 na kufika hata 300,000. Meli iliyopewa jina lake iliundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata, Waingereza wakaiibua na kuirudisha majini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Meli ilibadilishwa jina, lakini hakuna Mmatumbi wala Mngoni aliyesikika akidai jina Adolf lifutwe kwa ajili ya gavana huyo. Alijulikana kwa jina la ukoo, na la ubatizo likabaki huru. Basi jina halichafuki kwa wingi wa damu. Linachafuka pale watu wanapolishika kuwa alama ya mtu, na alama hiyo ni ya jamii fulani na kumbukumbu yake.

Kwa sababu hiyo naona Wajerumani wamefanya sawa kwao, na wazazi wa Rombo hawana haja ya kujitetea. Lakini upande wetu nao una udhaifu. Si ajabu kusikia mwalimu mkali akibandikwa jina Hitler, kwa kicheko. Namibia, iliyokuwa koloni la Ujerumani, ilionyesha mwaka 2020 jambo hilo linaweza kufika wapi: diwani wa jimbo la Ompundja alichaguliwa kwa takribani asilimia 85 ya kura akiwa anaitwa Adolf Hitler Uunona. Alieleza kwamba baba yake ndiye aliyempa jina hilo, na kwamba huenda hakujua mwenye jina aliwakilisha nini. Baba huyo hatumlaumu kwa asichokijua. Lakini hatuwezi kuliita hilo jina la kawaida. Adolf pekee lina mfalme, padri na walimu nyuma yake. Likiunganishwa na Hitler linabaki na mmoja tu, na hapo mpaka upo wazi hata bila sheria. Anayemwita mwanawe Adolf kwa ajili ya babu yake au mtakatifu wake ana haki ya kusema hivyo bila aibu, na mwanawe akienda kusoma Köln na kuulizwa, ana jibu la kweli la kutoa.