Meseji kwa Mama Kijacho Inamkuta Mimba Ikiwa na Umri Gani?

Novemba 2012 Tanzania ilizindua Wazazi Nipendeni. Mjamzito aliandika neno MTOTO, akalituma kwenda 15001, na kuanzia hapo akawa anapokea meseji za Kiswahili bure kufuatana na umri wa mimba yake: lini aende kliniki, alale ndani ya chandarua, apime virusi vya Ukimwi, ale nini. Baadaye zikaja programu za simu janja zenye picha ya mtoto kila wiki, hesabu ya hatua ulizotembea na orodha ya vyakula. Wanaozishabikia wanasema simu imekuwa mkunga wa mfukoni. Wanaozipinga wanasema ni pesa za wafadhili zinazoishia kwenye mafaili ya taarifa. Kwangu mimi pande zote mbili zinaruka swali moja: simu hiyo inaweza kubadili jambo gani hasa, na inaanza kusema wakati gani?

Ushahidi wa kwetu upo, na si mbaya. Utafiti wa Wired Mothers, ulioanza Zanzibar mwaka 2009, ulichukua wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Nusu ya vituo viliwapa wanawake meseji za kuwakumbusha pamoja na vocha ya kumpigia mhudumu wa afya. Nusu nyingine viliendelea kama kawaida. Waliohudhuria kliniki mara nne au zaidi walikuwa asilimia 44 upande wa meseji, na asilimia 31 upande wa pili. Waliozalishwa na mtaalamu walikuwa asilimia 60 dhidi ya 47. Hizo si tofauti za kupuuza. Ila kwenye kujifungua, faida ilionekana kwa wanawake wa mjini. Wa shamba meseji haikuwasogeza. Na haishangazi: meseji ilimwambia aende, lakini nauli na umbali vilibaki vilevile.

Tazama pia aina ya jambo lililobadilika. Kwenda kliniki ni tendo la siku moja, lina tarehe. Kula ni kila siku, mara tatu ukijaliwa, kwenye chungu ambacho mara nyingi mjamzito hakipangi peke yake. Huko Sweden walijaribu programu ya HealthyMoms kwa wanawake 305 kwa muda wa miezi sita. Mlo wao uliboreka kidogo. Uzito walioongeza wakati wa ujauzito, ambao ndio ulikuwa lengo kuu, haukutofautiana kwa jumla na ule wa wasioitumia. Kama huko ndiko mabadiliko yalikokuwa madogo hivyo, basi anayeahidi kwamba programu ya namna hiyo itabadili sahani ya mama wa Mbagala ana mengi ya kueleza. Hata mazoezi ni hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito asiye na tatizo afanye angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa karani anayekaa kwenye kiti kutwa na kwenye daladala jioni, hilo ni neno la maana. Kwa anayebeba ndoo kutoka bombani asubuhi na jioni, simu inayomhimiza atembee inamchekesha, kama haimuudhi.

Halafu kuna suala la wakati. HealthyMoms ilianza mimba ikiwa ya wiki 14 hivi. Sehemu inayokuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto hufunga takriban siku ya 28 tangu mimba kutungwa, na isipofunga vizuri ndipo tunapata watoto wenye mgongo wazi. Kinga yake ni asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, ianze kabla ya mimba. Siku hiyo ya 28 wengi wanadhani tu kwamba siku zao zimechelewa. Wanaojua nao hawasemi. Kwetu mimba changa haitangazwi. Ipo hofu ya husda, ipo hofu ya kuharibika, na kwa binti aliye shuleni ipo hofu ya baba. Kliniki wengi wanaanza tumbo likishaonekana, na meseji nyingi zinaanza baada ya kusajiliwa huko kliniki. Ushauri kuhusu foliki unapofika, kazi yake kubwa imeshapitwa.

Hapo anayetetea simu ana jibu zuri, na nadhani ndilo jibu lake bora: kwa sababu mwanamke anaificha mimba, simu inaweza kuwa wa kwanza kuambiwa. Haimtazami kwa jicho la lawama. Chukua udongo. Sokoni utaukuta umefungwa vipande vipande kwenye mifuko midogo, jirani na ndimu na tangawizi, na muuzaji anajua wateja wake ni kina nani. Mjamzito anayeula hatamwambia nesi, maana anajua atakavyofokewa. Huduma ya PROMPTS ya Jacaranda Health nchini Kenya inamruhusu mama kuuliza kwa meseji ya kawaida. Maswali yanachujwa kwa uharaka, na yanayohitaji mtu yanamfikia mtu. Meseji ya kujibiwa namna hiyo inafaa kuliko kumi za kuhubiri. Hata kwenye vidonge vya kuongeza damu, kinachomfanya mama aviache ni kichefuchefu na choo cheusi. Akiambiwa kwamba choo cheusi ni kawaida, avimeze usiku na asivishushie na chai, anaweza kuendelea navyo.

Ila simu ni ya nani? Nyumba nyingi zina simu moja, na anayeitembeza ni baba. Meseji ya "Hongera mama kijacho" ikiingia kabla mwenyewe hajasema, imeshamsemea. Na programu za bure za simu janja zina wateja wao wengine. Mwaka 2021 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na kampuni ya Flo, yenye programu ya kufuatilia hedhi, baada ya kuituhumu kuwapa Facebook na wengine taarifa za watumiaji, zikiwemo za ujauzito. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ya 2019, lakini mama anayebonyeza "nakubali" akiwa na kichefuchefu hasomi kurasa za masharti.

Kuna mshindani wa simu asiyetajwa sana: unga. Tangu 2011 kanuni za Tanzania zinataka viwanda vikubwa viongeze virutubishi kwenye unga wa ngano na mahindi, foliki ikiwemo. Anayekula chapati ya unga huo amepata kinga bila kusajiliwa popote na bila kuijua mimba yake. Pengo liko kwenye mahindi, kwa sababu wengi tunasagia mashine za mtaani ambazo haziongezi kitu. Shilingi ya serikali ikiwa moja, mimi ningeipeleka kwenye mashine hizo kabla ya kuipeleka kwenye programu mpya ya kuhesabu hatua.

Meseji nisingezifuta. Ningeziachia tarehe za kliniki, dalili za hatari na maswali, halafu ningehamisha mahali pa kujisajili. Mwanamke anayekwenda kutoa kijiti au kitanzi ili apate mtoto anakaa mbele ya nesi wiki au miezi kabla ya mimba, na sababu ya kuja anaitaja mwenyewe. Akitoka pale na vidonge vya foliki mkononi, na namba aliyoichagua mwenyewe ikiwa imeandikwa, ushauri utamkuta kabla ya siku ya 28. Kwa wanaoshika mimba bila kupanga, na ni wengi, njia hiyo haisaidii. Hao watafikiwa na unga.