Wakuu wa Shule Weusi Marekani: Wapewe Taaluma, Si Nidhamu Tu

Mwaka wa masomo 2020–21, kati ya kila wakuu 100 wa shule za umma Marekani, 77 walikuwa wazungu, 10 Weusi na 9 Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Wanafunzi wazungu katika shule hizo hawafiki nusu. Je, ziwepo juhudi maalumu za kuwapata na kuwabakiza wanaume weusi na Walatino katika uongozi wa shule?

Wanaosema ndiyo huanzia mbali. Mwaka 1954 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku utengano wa rangi shuleni katika kesi ya Brown. Watoto walipochanganywa, zilizofungwa mara nyingi zilikuwa shule za Weusi, na wakuu wake wakaachishwa kazi au kushushwa vyeo. Makadirio yanayotajwa sana ni walimu na viongozi Weusi 38,000 waliopoteza kazi katika majimbo 17 kufikia mwaka 1965. Uhaba wa leo, basi, ulitengenezwa na watu.

Wanaopinga nao wana hoja. Mwaka 1986, katika kesi ya Wygant kutoka Michigan, Mahakama hiyohiyo ilikataa mpango wa kuwakinga walimu wasio wazungu wasipunguzwe kazini huku wazungu wenye uzoefu zaidi wakiachishwa. Mimi naona ipo hoja nzito kuliko hiyo: wanawake ni takriban 77% ya walimu, lakini ni 56% tu ya wakuu wa shule. Wanaume tayari wanapanda haraka. Mwanamke mweusi aliyefundisha miaka mingi ana haki ya kuuliza kwa nini apishe tena.

Hata hivyo, takwimu hiyo ya wanaume inaficha njia wanayopandia. Mwanamume mweusi akiteuliwa kuwa makamu mkuu wa shule, mara nyingi hukabidhiwa nidhamu. Kutwa yuko koridoni na redio ya mawasiliano mkononi: anaamulia ugomvi kantini, anampokea mvulana aliyetolewa darasani, anampigia mzazi simu. Wakati huo makamu mwenzake yuko na walimu wa hisabati wakipitia maandalio ya somo. Nafasi ya mkuu ikitangazwa, kwenye usaili wanaulizwa namna walivyoinua ufaulu. Mmoja ana la kueleza. Mwingine ana rundo la barua za kuwasimamisha wanafunzi masomo. John King, alipokuwa Waziri wa Elimu mwaka 2016, aliuita mzigo kama huo kwa walimu weusi wa kiume kodi isiyoonekana. Inachosha, na watu wenye uwezo wanaondoka.

Mipango ipo. Call Me MiSTER, ulioanza Chuo Kikuu cha Clemson, South Carolina, mwaka 2000, unawasomesha vijana wa kiume wawe walimu, tena kwa makundi ili wasiwe wapweke. Nauheshimu sana. Lakini ushauri wa wazoefu na mikutano ya kutiana moyo havitoshi ikiwa Jumatatu mtu anarudi koridoni kulekule. Hapo anafundishwa kuvumilia tu.

Kwa hiyo nawaunga mkono wanaotaka msaada, kwa sharti kwamba uanzie kwenye mgawanyo wa kazi. Wilaya za elimu zinaweza kuagiza makamu wote wapokezane nidhamu na taaluma kila mwaka, bila kutazama rangi wala jinsia. Hakuna anayepoteza ajira, kwa hiyo Wygant haiguswi. Na mwanamke mweusi naye, ambaye mara nyingi hutwikwa nidhamu hiyohiyo, ataingia kwenye usaili akiwa na kazi ya darasani ya kuonyesha.