Udukuzi katika usuluhishi wa kimataifa: nani alinde faili, na kilichoibwa kipokelewe?

Julai 2015, Ufilipino ikiwa mjini The Hague kwenye kikao cha kesi yake dhidi ya China kuhusu Bahari ya China Kusini, ukurasa wa kesi hiyo katika tovuti ya Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi ulipandikizwa programu hasidi. Aliyeufungua kwa kompyuta isiyosasishwa aliweza kuambukizwa papo hapo. Mtego uliwekwa mahali ambapo watu wanaoifuatilia kesi wangepita tu, wapende wasipende.

Usuluhishi, yaani pande kukubaliana mgogoro wao uamuliwe na wasuluhishi badala ya mahakama ya kawaida, huvutia wadukuzi kwa jinsi ulivyoundwa. Kesi moja mara nyingi huwa na wasuluhishi watatu, kila mmoja na nchi yake na kompyuta yake, na pembeni yao mawakili wa pande zote, wataalamu wa hesabu, mashahidi, wakalimani na waandishi wa kumbukumbu za kikao. Wote hushika nakala zilezile za mikataba na hesabu za migodi au gesi, na hakuna idara moja ya teknolojia inayowasimamia. Ofisi kubwa ya mawakili inaweza kujilinda kwa kila namna, kisha faili lilelile likakutwa kwenye barua pepe ya bure ya mtaalamu anayefanya kazi peke yake nyumbani.

Je, jopo la wasuluhishi liamuru ulinzi, au liwaachie wadaawa, yaani pande za kesi? Kanuni za Mahakama ya Usuluhishi ya Kimataifa ya London zilizoanza Oktoba 2020 zinalitaka jopo lilitafakari suala hilo mapema, kwa kushauriana na pande zote. Itifaki iliyotolewa kwa pamoja na ICCA (baraza la kimataifa la usuluhishi wa kibiashara), Chama cha Mawakili cha Jiji la New York na CPR (taasisi ya kuzuia na kutatua migogoro) inakwenda mbali zaidi: jopo lina mamlaka ya kuweka hatua za ulinzi, na uvujaji ukitokea linaweza kugawa gharama au kumwadhibu aliyezembea.

Wanaopinga wana hoja nzito. Usuluhishi husimama juu ya ridhaa, na wasuluhishi wengi si wataalamu wa mitandao. Amri ndefu ya ulinzi huzaa mgogoro ndani ya mgogoro: fulani alituma kiambatisho bila kukisimba (kukifunga kwa msimbo wa siri), fulani adai faini. Kubwa zaidi ni usawa. Jukwaa la kulipia linalohitaji intaneti ya kasi halimsumbui wakili wa Paris, lakini linaweza kuifunga mikono ofisi ndogo ya serikali. Upande ukishindwa kuwasilisha hoja zake kwa sababu hiyo, Mkataba wa New York wa 1958 unaupa sababu ya kupinga utekelezaji wa tuzo, yaani uamuzi wa mwisho wa wasuluhishi.

Hata hivyo, naona hoja hizo zinapinga amri ya ghali, si amri yenyewe. Mambo yanayozuia madhara mengi ni ya bei nafuu: uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti ya barua pepe, hifadhi moja ya nyaraka ambamo kila mtu anaona tu kinachomhusu, nywila ya faili kutumwa kwa njia tofauti na faili lenyewe. Na akaunti ya benki ya kulipia amana iandikwe kwenye amri ya kwanza ya utaratibu. Hapa ndipo wizi wa kawaida hupita. Mhalifu huingia kwenye barua pepe ya karani, huweka kanuni ya kujipelekea nakala za kila ujumbe, hukaa kimya wiki kadhaa akisoma, kisha siku ya malipo hutuma akaunti mpya kutoka anwani iliyobadilishwa herufi moja. Dawa yake ni simu kwa namba iliyojulikana tangu mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe huo.

Ugumu halisi huanza nyaraka zikishaibwa. Katika kesi ya kampuni ya Libananco dhidi ya Uturuki, serikali ilinasa mawasiliano ya mdai na mawakili wake, ikisema inachunguza jinai. Mwaka 2008 jopo liliamua kwamba serikali haizuiwi kuchunguza uhalifu, ila inachonasa hakipaswi kuwafikia watu wanaoitetea kwenye usuluhishi. Katika kesi ya kampuni ya Caratube dhidi ya Kazakhstan, nyaraka za serikali zilidukuliwa na kumwagwa mtandaoni; jopo likapokea zile za kawaida na kukataa za siri kati ya wakili na mteja.

Wanaotaka zipokelewe husema siri ikishasomwa na dunia nzima, ni upuuzi wasuluhishi kufumba macho, na kwamba nyaraka hizo hufichua rushwa. Wanaopinga husema kila hati inayopokelewa ni malipo kwa mdukuzi wa kesi ijayo. Kipimo changu ni mkono: mdaawa aliyehusika na wizi asiguse tunda lake hata kama limekwisha kuwa hadharani. Asiyehusika aruhusiwe, isipokuwa siri za wakili, na baada ya uhalisi kuthibitishwa, kwani ni rahisi kuchomeka ukurasa wa kughushi kati ya maelfu ya halisi.

Pia tusiwatazame wadukuzi peke yao. Tuzo ya kampuni ya P&ID dhidi ya Nigeria, dola bilioni 6.6 mwaka 2017, iliangushwa na Mahakama Kuu ya Uingereza Oktoba 2023. Sababu mojawapo ni kwamba kampuni ilikuwa na nyaraka za siri za kisheria za Nigeria wakati kesi ikiendelea, na ikazishikilia.

Kesi hiyo inatatiza pia ushauri wa kufuta kila kitu mara tu tuzo inapotolewa. Muda wa kupinga ni mfupi: siku 28 Uingereza, siku 120 kwa kawaida chini ya ICSID, kituo cha kimataifa cha migogoro ya uwekezaji. Nigeria ilifika mahakamani miaka baadaye ikaongezewa muda, na isingefika popote bila kumbukumbu za zamani. Kwa hiyo mashahidi, wataalamu na wakalimani wafute nakala zao, lakini kituo cha usuluhishi kibaki na nakala moja iliyosimbwa, isiyounganishwa na mtandao.